Mchora ukuta anayeiogopa miguu yake

Ni asubuhi, maduka hayajafunguliwa, na mwanamke mmoja amesimama chini ya ukuta mrefu akiwa amekumbatia bomba la chuma kwa mikono miwili. Hapandi wala haondoki. Midomo yake inacheza, na ukimsogelea unasikia anachosema: "Miguuni, kiunoni, juu. Miguuni, kiunoni, juu."

Anakariri somo la mkanda wa usalama. Miguuni ni kukagua viatu visiwe na rangi mbichi chini yake. Kiunoni ni kukaza mkanda. Juu ni kutundika ndoano kwenye bomba lililo juu ya kichwa kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Anaijua orodha hiyo kama anavyolijua jina la mwanawe, lakini kila asubuhi huirudia, na kila asubuhi bomba hulishika mpaka vidole vinakufa ganzi.

Bomba hilo ni mguu wa jukwaa la mafundi, la vyuma na mbao, lililosimamishwa kwenye ukuta wa nyuma wa soko. Lina sakafu tatu. Ya kwanza ameshaizoea. Ya pili anaivumilia. Ya tatu hajaikanyaga bado, na leo ndiyo siku yake.

"Usinitazame hivyo," anamwambia mwandishi wa makala haya, wala hatabasamu. "Naogopa. Andika hivyo hivyo kwamba naogopa. Usije ukaandika mwanamke jasiri."

Haya, imeandikwa.

Mtaani wanamwita Kidole. Jina hilo walimbandika wenye maduka, kwa sababu marehemu mumewe, fundi wa mabango, aliitwa Mkono kwa wepesi wa mkono wake. Mke wa Mkono angeitwa nani tena? Lakini baadaye jina lilimkaa sawasawa. Kivuli cha shavu au cha mkunjo wa nguo hakimalizii kwa brashi; hukilainisha kwa ncha ya kidole rangi ikiwa bado mbichi. Ukucha wa kidole hicho haujawahi kuwa safi tangu alipoolewa.

Ukuta anaouchora ni mmoja kati ya minane ambayo jiji limewagawia wasanii wake mwaka huu. Jiji limeanzisha mfuko wa sanaa: linampa msanii ukuta, rangi, jukwaa na ujira unaolipwa kwa mafungu kadiri kazi inavyosonga. Walioomba walikuwa zaidi ya mia mbili. Waliopata wanaenea kwenye benchi mbili.

Kabla ya kugusa rangi, wote walipelekwa mafunzoni katika ukumbi wa jiji, wenye viti vya plastiki na feni moja inayozunguka kama inayolazimishwa. Walifundishwa kupanga bajeti, kusoma mkataba, kuilinda kazi yako isichukuliwe bure na mwenye kampuni, na mwisho, kufanya kazi juu bila kurudi nyumbani umebebwa.

Kidole anasema somo la bajeti lilikaribia kuvunja darasa. Mwalimu aliwataka waandike kila picha itatumia rangi kiasi gani, na mzee mmoja mchoraji akasimama akasema picha haijawahi kumwambia mapema inataka nini, na mkewe pia. Walicheka mpaka mwalimu akaomba maji. Hata hivyo waliandika, na wengi wao wanakiri ilikuwa mara ya kwanza kujua kazi yao inawagharimu nini.

Somo la mwisho halikuwa na kicheko. Sheria ya jiji ni moja: hakuna msanii anayepanda sakafu mpya ya jukwaa mpaka mkufunzi wa usalama amwone na kumruhusu. Na asiyepata ruhusa ya sakafu zote kufikia mwisho wa wiki hii, ukuta wake unakwenda kwa msanii wa akiba.

Afisa wa sanaa wa jiji, mwanamke wa maneno machache, haoni haja ya kuomba radhi kwa sheria hiyo. "Rangi ikimwagika tunanunua nyingine," anasema. "Mtu akimwagika tutanunua nini?"

Kwa Kidole ukuta huu si mapambo ya soko. Zamani bango moja la duka lilimlisha yeye na familia kwa wiki nzima. Kisha ikaja mashine ya kuchapa mabango ya plastiki, tena mtaa wa pili tu, na wenye maduka wakahamia huko mmoja mmoja, wengine kwa aibu, wakipita mbali na mlango wake. Sasa anaweza kumaliza mwezi na bango moja. Mwaka jana alianza kufua nguo za watu.

"Nikiukosa ukuta huu, brashi nazifunga kwenye gazeti naziweka juu ya kabati," anasema. "Na mimi najijua. Kitu nikishakiweka juu ya kabati, basi."

Na kuupata ukuta maana yake ni kupanda. Hapo ndipo penye shughuli.

Fundi rangi yeyote, hata wa kupaka vyoo, anajua kwamba ukuta huanzwa juu. Rangi hutiririka, nayo haijawahi kutiririka kwenda juu. Ukianza chini, kila tone la baadaye linaangukia kazi uliyokwisha kuimaliza. Kidole anajua hilo kuliko wengi. Lakini picha yake imeanzia chini.

Wapita njia hawakukaa kimya. Kwanza waliona miguu miwili mikubwa, mmoja umekanyaga kitu kama kigae. Wakaona upindo wa gauni. Wengine wakaambizana kwamba huyu mama amelipwa na jiji achore nyayo. Muuza mkaa alimshauri kwa upole ageuze ukuta. Yeye alijibu kwamba ameamua tu kuanza hivyo, akawageuzia wote mgongo.

Hakuwa ameamua. Kila siku alijiambia kesho ataanza juu, na kila siku miguu ilimpeleka mpaka sakafu ya kwanza ikagoma. Alipomaliza kila kilichofikika kutoka huko, alipanda ya pili, akamaliza mikono, mabega na shingo. Sasa ukutani ameketi mwanamke mkubwa mbele ya cherehani, mikono imeshika kitambaa, na juu ya shingo hakuna kichwa. Kazi iliyokwisha imefunikwa kwa nailoni ili matone yasiiguse.

Mwandishi wa makala haya, ili asije akaandika ya kusikia, aliomba kupanda naye. Alifika sakafu ya kwanza, akatazama chini kupitia mwanya wa mbao mbili, akakumbuka kwamba ana watoto. Alishuka kwa makalio.

Lakini Kidole anasema kinachomtisha yeye si urefu. Anachokiogopa ni miguu yake.

Kila mchoraji, anaeleza, huchora akiwa karibu na huona akiwa mbali. Ukiwa umeinamia ukuta, jicho unalolichora ni doa tu. Hujui kama linacheka au linalia mpaka urudi nyuma. Basi unapiga mstari, unarudi nyuma, unatazama, unaenda mbele tena. Unafanya hivyo kutwa, mwaka hadi mwaka, mpaka huhisi tena kwamba unafanya. Kawaida ni kama sheria. Pale mtaani watu wanakumbuka siku aliyochora bango la kinyozi, akarudi nyuma kulitazama, akakalia beseni la nyanya za jirani. Alisimama na nyanya zake, akaendelea kulisifia bango.

Mkono naye alikuwa hivyo. Kwa hiyo wawili hao walikuwa na utaratibu. Akipanda yeye, mkewe hubaki chini, ng'ambo ya barabara, anatazama. Walimwita anayebaki chini "jicho". Mkono akiuliza, "Jicho, vipi?" Kidole hujibu: shavu limevimba, herufi imelala, punguza, ongeza. Aliye juu hana sababu ya kurudi nyuma, maana macho yake yako chini.

Miaka sita iliyopita Mkono alikuwa anachora tangazo la sabuni kwenye ukuta wa ghala, uso wa mtoto mwenye povu kichwani. Hakukuwa na jukwaa la jiji wala mkanda. Ni ubao mmoja uliofungwa kwa kamba kati ya ngazi mbili. Alikuwa anamalizia uso.

"Alipiga mstari, akarudi nyuma autazame," anasema Kidole. Anasema hivyo, kisha anaanza kukaza mkanda ambao umekwisha kukazwa.

Mumewe alifariki hospitalini siku hiyo hiyo. Tangazo lilipakwa chokaa na fundi mwingine.

Tangu hapo Kidole hakupokea kazi yoyote iliyozidi kimo cha mlango. Alichora milango, vibao, meza za simu, ubavu wa mikokoteni. Wateja wenye kuta ndefu aliwaambia bega linamuuma. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka, na ung'ongo wake yeye ulikuwa ngazi yoyote iliyoegemezwa mahali.

Alipoomba nafasi ya jiji alijua kuna kupanda. Alijidanganya, anasema, kwamba mafunzo yatamponya.

Mafunzo yenyewe yalifanyika kwenye uwanja wa karakana ya jiji. Mkufunzi ni mwanamume mfupi aliyetumia nusu ya maisha yake akining'inia nje ya majengo marefu akisafisha vioo, na huzungumza taratibu kama mtu asiye na basi la kuwahi. Siku ya kwanza aliwaonyesha mkanda, akawapa kauli ambayo wasanii bado wanairudia: "Mkanda haukuzuii kuanguka. Unakuzuia kufika."

Aliwapandisha sakafu ya pili, mmoja mmoja, akampa kila mtu ubao na kumtaka achore duara. Kazi ya mtoto wa chekechea. Kidole alichora duara lake.

"Nilikuwa mbele ya duara," anakumbuka. "Halafu nikawa nimeegemea ukingo wa nyuma, kisigino kimoja kiko nje ya mbao, mkanda umenikaba. Sikumbuki kurudi. Hapo katikati hapapo. Nimepatafuta mpaka leo, hapapo."

Alikaa juu ya mbao akashindwa kushuka, akashindwa hata kulia. Mkufunzi alipanda, akaketi kando yake, wakakaa hivyo mpaka wenzao chini wakaishiwa na mazungumzo.

Mkufunzi anasema hofu ya urefu anaijua kuitibu, ameshaitibu kwa wengi, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. "Huyu hali yake ni tofauti," anaeleza. "Mwoga wa urefu anashika bomba habanduki. Huyu akianza kuchora anasahau kwamba yuko juu. Mimi siogopi akiwa anatetemeka. Naogopa akinogewa."

Alimuuliza zamani walifanyaje kazi. Kidole akamweleza habari ya jicho. Mkufunzi alifikiri, kisha akatoa hukumu: sakafu ya pili atamruhusu mradi awepo yeye mwenyewe. Ya tatu, kwenye uso, mahali ambapo mchoraji hunogewa kuliko pote, hampandishi mpaka alete jicho lake.

Jicho halikodishwi kama toroli. Fundi viatu mwenye kibanda mkabala na ukuta alijitolea kwa moyo mmoja. Tatizo lake ni wema. Kila alipoulizwa mkono umekaaje, alijibu uko poa, huku anapiga msumari na wala hajainua kichwa. Siku moja Kidole alimuuliza juu ya pua, wakati pua haijachorwa. Nayo ilikuwa poa.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hajawahi kusema kitu ni kizuri ili tu umpishe. Lakini mtu huyo ndiye aliyekuwa ameapa hatautia machoni ukuta ule.

Mama mkwe wake ni mshona nguo. Wanaishi pamoja, vyumba viwili, yeye, Kidole na mjukuu aliye sekondari. Cherehani imekaa chini ya dirisha, na sakafu yote kuizunguka ina vipande vya vitambaa ambavyo haruhusu mtu avifagie kabla hajavichambua. Akikutazama, unahisi anakupima.

Kidole alipopata barua ya kuchaguliwa, mjukuu aliruka ruka. Mama hakuruka. "Ukuta ulimla mwanangu," alisema. "Sitakwenda kuutazama ukimla mkwe wangu."

Baada ya hapo hakulizungumza tena. Asubuhi za mafunzo alimgeuzia mkwewe mgongo. Hata hivyo, Kidole anasema, kila asubuhi kati ya hizo alikuta nguo zake zimepigwa pasi na kutundikwa mlangoni, pamoja na suruali ile ya kuchorea, iliyojaa rangi, ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeipiga pasi.

Jioni ya siku fundi viatu alipoisifia pua isiyokuwepo, Kidole alirudi nyumbani akijua wiki inakwisha na ukuta unaondoka. Mama alikuwa anashona. Kidole alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani na kusema jambo alilolificha kwa miaka sita.

"Mama, siku ile mimi sikuwepo chini. Tina ya kuchanganyia rangi iliisha, nikaenda dukani kuchukua nyingine. Aliniita, akakosa wa kumjibu. Ndiyo maana akarudi nyuma."

Anasimulia kwamba cherehani iliendelea mpaka mwisho wa mshono. Mama aliinua sindano, akakata uzi kwa meno, akaikunja nguo ya mteja vizuri na kuiweka kando. Kidole alisubiri afukuzwe. Alikuwa ameshapanga kichwani atalala wapi na mtoto.

Mama akauliza: "Na sasa jicho lako ni nani?"

Mwandishi wa makala haya alimuuliza Mama mwenyewe kuhusu jioni ile, na alitegemea machozi. Hakupata. Mama alisema alikuwa anajua tangu mwanzo. Kidole alifika hospitalini siku ile ameshika chupa ya tina, mpya, kizibo hakijafunguliwa, na aliishika mpaka usiku bila kujua kama ameishika.

"Nani anakwenda hospitali na tina?" anauliza Mama. "Nilijua imetoka dukani. Nilimsubiri aniambie mwenyewe, maana neno kama hilo ukimtoa mtu kwa nguvu unamchana."

Miaka sita walikaa meza moja, huyu anaficha na yule anangoja.

Kesho yake Mama alifika ukutani na kigoda chake kwapani na futi ya kushonea shingoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona picha. Alitazama miguu. Ndala ya kulia imelika upande wa nje wa kisigino, vilevile kama ya kwake, kwa sababu miaka yote amekanyaga cherehani kwa upande huo. Alitazama upindo wa gauni, lile lile alilokuwa amelivaa. Mtaa ulisogea kusikia atasema nini.

"Mguu wangu si mnene hivyo," alisema.

Kidole alishuka akaupunguza. Fundi viatu alisema ulikuwa poa hata mwanzo.

Kidole anaeleza kwamba alimchagua Mama kwa sababu ni uso pekee anaoweza kuuchora bila kuwa na picha ya kutazamia, na juu kule hataki kitu chochote kitakachomgeuza kichwa. Kwamba alitaka pia kumwomba msamaha kwa rangi kabla hajaweza kwa mdomo, hilo hakulisema. Mwandishi analisema kwa niaba yake, na kama amekosea, Kidole anapajua gazetini.

Sasa turudi asubuhi hii, kwenye bomba lililokumbatiwa.

Mkufunzi amefika. Anavuta kila kamba ya mkanda, anavuta tena, anaitikia kwa kichwa. Ng'ambo ya barabara Mama ameweka kigoda kando ya kibanda cha viatu. Hajakaa.

"Umefunga?" anauliza.

"Nimefunga, Mama."

"Nionyeshe."

Kidole anainua ndoano aione. Kisha anapiga moyo konde na kupanda. Sakafu ya kwanza, ya pili. Kwenye ngazi ya mwisho anasimama katikati, na kwa muda hakuna anayejua kama atakwenda juu au atarudi. Muuza mkaa ameacha kupima mkaa. Mguu mmoja unaonekana kwenye mbao za juu, halafu wa pili. Ndoano inalia kwenye bomba. Mkufunzi, aliyepanda nyuma yake mpaka sakafu ya pili, anaachia pumzi.

Anaanza kwa chaki, paji la uso na taya. Mkono unatetemeka na mstari unatetemeka nao; anafuta kwa kiwiko, anaanza upya. Kisha anashika brashi. Polepole mabega yake yanashuka, na anayemjua anaona kwamba mkono umeacha kutetemeka. Anachora jicho la kushoto. Anapiga ukope, anapiga mwingine, anainamisha kichwa pembeni.

Ameanza kunogewa.

Kisigino cha kulia kinainuka. Mwandishi amekiona, na hataki kukiona tena. Kinainuka taratibu bila papara, kama cha mtu aliye sebuleni kwake, na kinaanza kwenda nyuma kutafuta mahali pa kukanyaga.

"Simama hapo hapo," inasema sauti ya Mama. Hakupiga kelele. Ni sauti ile ile anayotumia kuwaambia wateja wasijitikise anapowapima. "Niulize mimi."

Kisigino kinasimama hewani. Kinarudi. Kidole anaegemeza paji lake kwenye ukuta, mahali patakapokuwa shavu, na anabaki hivyo. Mgongo wake unapanda na kushuka. Ukingo uko nyuma yake, mkanda uko kiunoni, mkufunzi yuko karibu, na bado hakuna hata mmoja mtaani anayepumua vizuri.

Mwishowe sauti inatoka huko juu, ndogo, imekauka. "Mama. Jicho likoje?"

Mama analitazama. Haharakishi.

"Limesinzia," anasema. "Mimi nikishona sisinzii."

Kidole anainua kichwa. Anachovya kidole kwenye rangi nyeupe na kuligusa jicho mara moja, chini ya ukope. Hata sisi wa chini tunaliona linaamka.

Asubuhi yote wanafanya kazi hivyo. Niulize, anauliza, anajibiwa. Pua imekwenda kushoto. Mdomo una dharau, ingawa hapo Mama anafikiri kidogo na kusema aiache. Mara mbili tena kisigino kinainuka na mara mbili Mama anakiona kabla ya mkufunzi.

Mchana Kidole anashuka kupumzika. Anapewa kikombe cha chai na hawezi kukishika; Mama anakishika kwa ajili yake mpaka mikono itulie. Mkufunzi anasema amemruhusu kumaliza uso, kwa sharti kwamba kigoda kile kikiwa kitupu, yeye hapandi. Bado kuna jicho la kulia na nywele, na wakaguzi wa jiji, ambao ndio wanaoithibitisha ruhusa hiyo, wanakuja mwisho wa wiki. Msanii wa akiba ameonekana jana akipita taratibu kuutazama ukuta. Alisalimia vizuri tu.

Je, hofu imepungua? Kidole anatikisa kichwa. Imehama, anasema. Zamani ilikuwa tumboni mwake peke yake, sasa anaiona imekaa pia kwenye kigoda ng'ambo.

Mama hakatai. Anaizungusha futi yake kwenye vidole, anaifungua, anaizungusha tena.

"Nikimtazama yeye, namwona yule," anasema. "Lakini siwezi kufumba macho. Nikifumba, atarudi nyuma."

Kidole ana mipango. Akifaulu atapata cheti cha jiji cha kuchora kuta ndefu, na ameambiwa darasa lijalo la mafunzo litahitaji mtu wa kuwafundisha wasanii kufanya kazi wawili wawili, mmoja juu na mmoja chini. Mkufunzi ameshaliandika neno "jicho" katika somo lake. Lakini akiulizwa anachokitaka hasa, kabla ya cheti na kabla ya fungu la mwisho la ujira, anautazama ukuta, nailoni inayopepea na uso wenye jicho moja.

"Nataka nishuke nimemaliza. Nivue mkanda, nimkabidhi mwenyewe. Nivuke barabara. Halafu nigeuke niitazame, nirudi nyuma, nirudi, nirudi mpaka niione yote, na asiwepo wa kuniambia nisimame."

Mama anachukua kikombe kitupu mkononi mwake.

"Huko nyuma kuna pikipiki," anasema. "Nitakuja nisimame nyuma yako."